Gesi ije Dodoma kwa bomba, kwa lori au kwa waya?

Machi 2020 mvua ilisomba daraja la Kiyegeya, wilayani Gairo, na barabara ya Morogoro kuja Dodoma ikakatika. Wakati huo nilikuwa nashika vitabu vya fedha vya shule moja ya bweni hapa Dodoma. Kuni tulikuwa tumeshaziacha. Nje ya jiko ilisimama mitungi mikubwa sita, na ukutani pameandikwa kwa rangi nyekundu kwamba moto ni marufuku. Siku ya pili baada ya daraja kuondoka, mpishi mkuu, mama mmoja wa Mpwapwa, akaingia ofisini na spana mkononi.

"Shikamoo mwalimu. Umebaki mmoja, nao ukiugonga unalia."

(Shuleni hata mhasibu ni mwalimu. Nilishaacha kusahihisha.)

Nikampigia msambazaji. Lori lake limekwama ng'ambo ya Gairo. Na ghalani kwake hapa mjini? Hamna kitu. Hakuwa mtu wa kuweka akiba, alikuwa akileta kilichoagizwa, basi. Jioni ile wanafunzi mia sita walikula ugali wa kuni tulizozinunua mtaani kwa bei ya kukomoana, na mama wa Mpwapwa alikuwa akikohoa moshi huku akinitazama kana kwamba daraja nimelivunja mimi.

Siku ile hunijia kila wanapojadili kuleta gesi asilia Dodoma. Wengi huuliza itafika lini na itauzwaje. Mimi nina maswali mawili ya kihasibu. Njia ikikatika, tutapikia nini? Na gesi ikifika kabla ya wateja, deni atalibeba nani? Kwa maswali hayo nimezilinganisha njia zinazotajwa, kwa ajili ya anayekaa kwenye kikao cha kuchagua: diwani, mkuu wa chuo, mwenye kiwanda Nala au Kizota, au mtu mwenye akiba anayefikiria kununua hatifungani, yaani kuikopesha taasisi fedha zake kwa riba.

Gesi ipo, na bomba lina nafasi

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ya Mnazi Bay mwaka 1982. Ya Songo Songo ilianza kutumika Dar es Salaam mwaka 2004 kupitia bomba linaloishia Ubungo. Mwaka 2015 likazinduliwa bomba kubwa la kutoka Mtwara hadi Kinyerezi, lenye kipenyo cha inchi 36 na uwezo wa kupitisha futi za ujazo milioni 784 kwa siku. Nchi nzima haijawahi kukaribia kulijaza. Hesabu ya serikali ya gesi iliyogunduliwa ni futi za ujazo trilioni 57.54, ila isikulevye: trilioni 47 kati ya hizo ziko bahari kuu, zinangoja mradi wa Lindi wa kuigeuza gesi kuwa kimiminika, ambao makubaliano yake ya awali yalisainiwa hapahapa Dodoma Juni 2022. Inayotufaa leo ni ile ya nchi kavu na ya maji mafupi.

Kwa hiyo shida yetu si kisima. Shida ni kilometa kama 450 kati ya Kinyerezi na sisi.

Bomba

Nianze na linalopendwa na wanasiasa. Tuchukue kipimo cha mkono: bomba la Dar es Salaam hadi Mombasa, lililosainiwa kati ya Tanzania na Kenya Mei 2021, lilikadiriwa kuwa na urefu wa kilometa 600 na gharama ya dola bilioni 1.1. Hiyo ni dola milioni 1.8 na ushee kwa kilometa. Ukizidisha kwa 450 unapata kama dola milioni 825. Upembuzi yakinifu unaweza kushusha au kupandisha, maana milima ya Morogoro hadi Kongwa si tambarare ya pwani, lakini kwa kikao cha kwanza kipimo hiki kinatosha.

Sasa kopa milioni 825 kwa riba ya asilimia 8, ulipe kwa miaka 20. Kila mwaka unatoa dola milioni 84, mvua inyeshe isinyeshe. Hizo utazigawanya kwa gesi inayopita:

| Gesi inayopita kwa siku (futi za ujazo) | Ada ya bomba kwa kila futi 1,000 |
|---|---|
| milioni 5 | dola 46 |
| milioni 10 | dola 23 |
| milioni 50 | dola 4.6 |
| milioni 100 | dola 2.3 |

Futi za ujazo elfu moja zina joto linalokaribia kilo 21 za gesi ya mitungi, yaani mtungi wa kilo 15 na karibu nusu ya mwingine. Mtungi mmoja hapa mjini unazidi shilingi 50,000. Kwa mstari wa kwanza wa jedwali, basi, ada ya kusafirisha peke yake inaupita mtungi na nusu wa dukani, kabla hujalipia gesi yenyewe. Kwa mstari wa mwisho, mtungi hauna pa kujificha.

Je, Dodoma itakaa mstari gani? Hapa ndipo nilipokaa na kikokotoo hadi usiku. Sensa ya 2022 ililihesabia Jiji la Dodoma watu 765,179. Tuseme kaya moja ina watu wanne na inamaliza mtungi wa kilo 15 kwa mwezi, matumizi ambayo kaya nyingi hazijafika. Jiji zima, kila nyumba kuanzia Chang'ombe hadi Mtumba, lingetumia futi milioni nne na nusu kwa siku. Shule yetu ya wanafunzi mia sita ilikuwa ikila kilo 40 za gesi kwa siku. Zingehitajika shule mia tano na zaidi za namna hiyo kutumia futi milioni moja. Nilirudia hesabu nikidhani nimekosea sifuri.

Maana yake ni kwamba jiko haliwezi kulilipia bomba, na hotuba za kuunganisha jiko la mama na visima vya Mtwara moja kwa moja zinaruka hatua. Bomba hulipwa na tanuri. Mkuranga wanatumia gesi kuchomea vigae, Mtwara inatumika kwenye saruji. Mtambo wa umeme wa megawati 100 unameza kati ya futi milioni 18 na 25 kwa siku kutegemea aina yake. Dodoma ina maeneo ya viwanda Nala na Kizota, lakini bado sijaona tanuri za kutosha kutusogeza hadi mstari wa tatu.

Kuna ushawishi mwingine wa bomba ambao mtu asiyechimba mtaro haujui. Mtaro, fidia, upimaji na vivuko vya mito gharama yake haitofautiani sana uweke bomba la inchi 12 au la inchi 24, lakini bomba likiongezeka kipenyo mara mbili linapitisha gesi zaidi ya mara nne. Ndiyo maana kila mhandisi atakushauri ulaze kubwa "kwa ajili ya baadaye". Ushauri ni sahihi kama huyo wa baadaye yupo. Mtwara ndivyo ilivyofanyika, na miaka ya mwanzo bomba lilipitisha sehemu ndogo tu ya uwezo wake, huku mkopo ukihesabu siku kama kawaida.

Nisilionee lakini. Kwa usalama wa upatikanaji, bomba lina sifa ambazo lori halitazipata. Limefukiwa, kwa hiyo mvua ya Gairo hailishtui. Gesi iliyomo ndani yake ni akiba yenyewe. Visima vikisita kwa saa kadhaa, mteja wa mwisho anaweza asijue. Na likishalipwa, kuliendesha ni gharama ndogo.

Bomba la Dodoma linaanza kuingia akilini pale Dodoma isipokuwa mwisho wa safari. Tanzania na Uganda zilisaini Novemba 2023 makubaliano ya kuchunguza bomba la gesi kati yao, na Uganda imekuwa ikisema wazi inataka gesi ya kuyeyushia chuma chake. Ukanda mwingine wa bomba nao tayari unakatiza mkoani kwetu: EACOP, lenye kilometa 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga, linapita Chemba na Kondoa kwenye mkuza, yaani ukanda wa ardhi uliotengewa bomba, wa upana wa mita 30. Hilo ni la mafuta ghafi, usije ukadhani utachomeka jiko. Lakini kama bomba la gesi la kwenda Uganda litafuata mkuza ule, Dodoma mjini tutakuwa tawi. Likifuata reli ya kati, tutakuwa kituo cha njiani. Tofauti ya mambo hayo mawili kwenye bei ni kubwa kuliko tofauti ya riba yoyote mtakayobishania na benki.

Lori

Gesi asilia husafirishwa kwa lori kwa namna mbili, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni CNG, gesi iliyoshindiliwa kwenye mitungi mirefu kwa mgandamizo wa karibu mara 200 ya ule wa hewa ya kawaida, au zaidi. Ndiyo inayotumika kwenye bajaji na teksi za Dar. Mpwa wangu ana bajaji ya gesi. Kuna kipindi alikuwa anapanga foleni saa kumi alfajiri ili saa moja awe barabarani. "Mjomba, gesi yenyewe rahisi," aliniambia, "usingizi ndio ghali." Foleni ile haikutokana na uhaba wa gesi. Bomba lilikuwa na nafasi tele. Vilivyokuwa vichache ni vituo na mashine za kushindilia. Mtu anayepanga miundombinu aikumbuke bajaji hiyo: usalama wa nishati hukatikia mahali pembamba kuliko pote, na mara nyingi si kisimani.

Tela la CNG lenye mitungi ya chuma hubeba kama tani nne. Futi za ujazo milioni moja ni karibu tani ishirini. Kwa hiyo matela matano kwa kila milioni moja, au pungufu ukitumia mitungi ya kisasa iliyo myepesi.

Ya pili ni gesi kimiminika. Gesi inapoozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, inakuwa maji na kusinyaa mara 600. Tela moja lenye tangi lililofunikwa vizuri linabeba zile tani ishirini zote. Lile jiji zima tulilolihesabu kwa milioni nne na nusu lingelishwa na malori matano kwa siku. Matano! Ukikaa nusu saa kwenye mizani yoyote ya barabara hii utahesabu malori mengi kuliko hayo.

Sasa fanya uchaguzi. Gesi kimiminika inahitaji kiwanda kidogo cha kupoozea huko pwani, na haipendi kukaa. Tangi linapata joto kidogokidogo, maji yanageuka hewa, na hewa hiyo usipoitumia utalazimika kuiachia. Kwa kiwanda kinachofanya kazi usiku na mchana hilo si tatizo. Kwa shule ya bweni ni balaa: mwezi wa likizo unalipia gesi ya kuwapikia popo. Shule, hoteli, jiko la chuo, vikae na CNG, ambayo hata ukiiacha mitungini miezi miwili utaikuta. Kiwanda chenye boila kichague kimiminika.

Kwa swali langu la pili, nani anabeba deni, lori linashinda bila mabishano. Unaanza na matela mawili na wateja wanne. Wateja wakikimbia, tela unalivuta hadi Singida au Iringa. Bomba huwezi kulifukua ukalipeleka kwa jirani.

Kwa swali la kwanza lori linashindwa vilevile bila mabishano, isipokuwa ufanye kile ambacho msambazaji wetu hakukifanya. Njia ni ileile ya Gairo. Reli ya zamani ya kati iliharibiwa na mafuriko kati ya Kilosa na Gulwe mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, kwa hiyo hata hiyo si kinga kamili. SGR imejengwa imara zaidi, na kontena la gesi kimiminika likishushwa Ihumwa tungekuwa na njia ya pili ya kweli. Kabla ya hapo, dawa ni tangi. Mkataba wa gesi ya lori usiotaja akiba ya siku ngapi itakaa Dodoma, ndani ya Dodoma, mimi nisingeusaini. Siku saba ndicho kiwango changu. Na anayelipia siku hizo saba awe ameandikwa kwa jina, maana akiba isiyokuwa na mwenye gharama ndiyo ile ya msambazaji wetu.

Jambo dogo kwa wapishi: jiko la mitungi halichomekwi gesi asilia hivihivi, tundu za moto lazima zibadilishwe. Na gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni. Gesi asilia ni nyepesi, inapanda darini. Dirisha la chini lililokuokoa jana halitoshi kesho.

Waya

Hii ndiyo njia ambayo watu hawaihesabu, ingawa ndiyo inayofanya kazi. Gesi ya Kusini imeshafika Dodoma miaka mingi, ila imefika kama umeme. Inachomwa Kinyerezi na Ubungo, inaingia gridi, inapanda kwa laini kubwa na kushuka kituo cha Zuzu. Laini ya kilovolti 400 ya Iringa, Dodoma, Singida hadi Shinyanga, kilometa 670, ilijengwa kwa kazi hiyohiyo ya kuutoa umeme upande mmoja wa nchi kuupeleka mwingine. Ya Chalinze hadi Dodoma ikitumika, tutakuwa tunalishwa kutoka pande mbili.

Tena sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115. Mwenye hesabu atauliza: kwa nini nitumie milioni 825 kuleta gesi Dodoma ili niichome nizalishe umeme, wakati naweza kuichoma Dar na kuupandisha umeme kwenye nguzo zilizosimama tayari? Sina jibu, na sidhani kama lipo. Mtambo mkubwa wa gesi Dodoma kwa sababu tu bomba linatafuta mteja ni sawa na kununua ng'ombe ili upate sababu ya kutumia kamba.

Kwa kaya ya kawaida mjini, jiko la presha la umeme linapika maharage kwa uniti isiyofika moja. Mke wangu alilikataa miezi miwili, sasa ndiye anayelifungia kabatini wageni wakija. Udhaifu wa waya unajulikana: gridi ikizima, inazima kote, kama ilivyowahi kuzima nchi nzima, na bwawa linategemea mvua, wala mgao wa 2022 na 2023 hatujausahau. Lakini hapo ndipo gesi inapofaa kuliko pote. Mitambo ya gesi ya Dar ikiwa tayari kuwaka mwaka wa ukame, jiko la umeme la Dodoma lina akiba bila kujengewa bomba lake lenyewe.

Mitungi

Nimewahi kusikia mtu akiiita gesi ya mitungi "gesi yetu ya Mtwara". Sivyo. Ile inakuja kwa meli kutoka nje, na bei yake inapangwa na dunia. Kiusalama, hata hivyo, ina sifa moja nzuri: kila nyumba yenye mtungi wa pili ina ghala. Baada ya mkasa wa Kiyegeya shule iliongeza mitungi miwili ya akiba. Mama wa Mpwapwa aliizungushia kamba nyekundu na kutangaza kwamba atakayeigusa bila ruhusa yake atapika yeye. Wizara nzima isingeweza kuandika sera fupi kuliko hiyo. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya mia moja zimeshaagizwa ziache kuni na mkaa. Zisizokuwa na hela ya kubadili mfumo mara mbili zibaki na mitungi kwanza, mradi kamba nyekundu iwepo.

Kipimo cha Ulaya

Umoja wa Ulaya una kanuni inayoitwa N-1. Iondoe kichwani njia moja iliyo kubwa kuliko zote zinazoleta gesi nchini mwako. Zilizobaki je, zinatosha siku ya matumizi makubwa yanayotokea mara moja katika miaka 20? Hazitoshi, basi hujajipanga. Ujerumani iliona maana yake mwaka 2022, gesi ya Urusi ilipokatwa nayo haina hata kituo kimoja cha kupokelea gesi kimiminika kwa meli. Ilikimbizana hadi Desemba ikafungua cha Wilhelmshaven. Lithuania ilikuwa imejiandaa mapema. Mwaka 2014 ilikodi meli ya kupokelea gesi, ikaipa jina la Independence, na hata kabla meli haijafika, Gazprom, kampuni ya gesi ya Urusi, ilikuwa imeshapunguza bei. Wateja wa Lithuania wamekuwa wakiilipia meli ile kwa tozo, itumike isitumike. Ni bima, na bima hulipwa mwaka ambao nyumba haijaungua.

Ipime Dodoma kwa kanuni hiyo. Bomba moja peke yake linafeli. Malori peke yake kwa barabara moja yanafeli. Umeme kutoka pande mbili pamoja na matangi ya siku saba vinafaulu, na havijagusa zile dola milioni 825.

Pesa za nani

Bomba la Mtwara lilijengwa kwa dola bilioni 1.2 hivi, asilimia 95 zikiwa mkopo wa Benki ya Exim ya China. Mkopo wa namna hii unapatikana haraka na haukuulizi sana wateja wako ni akina nani. Hilo ndilo zuri lake na ndilo baya lake. Deni ni la taifa: anayelilipa ni pamoja na mkulima wa mtama wa Bahi ambaye hatapata gesi wala kuiona.

Kinyume chake ni bomba la kutoka Temane, Msumbiji, hadi Secunda, Afrika Kusini: kilometa 865, lilianza kazi mwaka 2004. Kabla ya mtaro kuchimbwa, mteja alikuwepo, Sasol, mwenye viwanda vyake na mwenye kisima pia. Akachukua nusu ya hisa, na baadaye serikali mbili kupitia kampuni zao zikawa na robo robo. Bomba likajaa na likajilipa. Leo linakabiliwa na tatizo jingine, visima vinapungua na viwanda vya Afrika Kusini vinahangaika kutafuta gesi mbadala, jambo linalotukumbusha kusoma mkataba wa kisima pamoja na wa bomba.

Na bomba la Afrika Magharibi, kilometa 678 kutoka Nigeria kwenda Benin, Togo na Ghana, lilikuwa na kila kitu kwenye karatasi: mkataba wa nchi nne, Benki ya Dunia, makampuni makubwa. Gharama ikapanda. Nigeria haikuleta gesi iliyoahidi, Ghana nayo ikawa na madeni, na Agosti 2012 nanga ya meli ikalitoboa baharini. Ghana ikageukia gesi yake yenyewe. Mkataba wa "usipochukua utalipa" unamlinda mkopeshaji. Wa "usipoleta utalipa" ndio unaomlinda mnunuzi, na huo mara nyingi huandikwa kwa maandishi madogo. Kama siku moja Kenya, Uganda na sisi tutagawana bomba, kurasa hizo zisomwe kwanza.

Wakopeshaji nao wamebadilika. Benki ya Uwekezaji ya Ulaya iliamua mwaka 2019 kuacha kufadhili miradi ya aina hii kuanzia mwisho wa 2021. EACOP lenyewe lilipangwa kwa asilimia 40 ya mitaji ya wanahisa na 60 ya mikopo, na mikopo hiyo ilisumbua kweli kupatikana. Anayedhani kuna benki inayongoja na milioni 825 kwa ajili ya majiko ya Dodoma hajapiga simu.

Kinachonivutia ni kidogo na cha nyumbani. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga iliuza hatifungani ya shilingi bilioni 53.12, ikanunuliwa ikazidi lengo. Mabomba ya maji, kwa shilingi, kwa wawekezaji wakiwemo wa humuhumu ndani. Matangi ya gesi, kituo cha kushushia na mtandao mfupi wa mabomba ya ndani ya Nala vinaweza kubebwa na fedha za ukubwa huo, na deni likiwa la shilingi halivimbi dola ikipanda. Sharti ni moja: viwanda viwe vimesaini kununua kabla hatifungani haijauzwa. Mimi ningenunua. Ya bomba zima nisingenunua, hata kwa riba nzuri.

Kwa hiyo uchague nini

Kaya: umeme, na mtungi mmoja pembeni. Shule na chuo: mitungi sasa, CNG ikifika na akiba ya siku saba. Kiwanda chenye boila: kimiminika kwa lori, mkataba wa miaka mitano, siyo ishirini. Serikali: bomba lisubiri hadi mahitaji yaliyosainiwa yafike futi milioni 50 kwa siku, au hadi Uganda iamue njia.

Lakini lipo ambalo halisubiri, nalo ni mkuza. Ukitoka mjini kuelekea Ihumwa na Mtumba utaona jinsi viwanja vinavyokatwa. Mwaka juzi palikuwa na mibuyu na mbuzi, leo pana msingi na tofali. Kila mwezi unaopita bila ramani, fidia ya kesho inapanda. Kupima ukanda wa mita 30 na kuuandika kwenye mpango mji ni kazi ya wapima ardhi, vigingi vya zege na vikao vichache vya vijiji. Wiki iliyopita rafiki aliyenunua kiwanja upande huo aliniuliza kama bomba litapita kwake. Nilimwambia aulize halmashauri. Akasema ameshauliza, wamemwambia amuulize mtu wa gesi.